Land Rover Kuukuu Mtwara: Injini Ibadilishwe, Chesisi Iachwe

Msimu wa korosho ukifunguliwa, gereji ndogo za Mtwara, zile zinazofanya kazi jioni wenyewe wakishatoka kwenye ajira zao, hupata mteja wa aina moja. Ana Land Rover 109, ile ya bodi ndefu, ya marehemu babu yake, imelala nyuma ya nyumba Newala au Nachingwea miaka na miaka, na sasa anataka itembee. Hapo ndipo mafundi hugawanyika: irudishwe kama ilivyotoka kiwandani, au ifungwe injini ya Hiace?

Wanaotetea uasili wana hoja nzito. Land Rover ilipoanza kuuzwa mwaka 1948, Uingereza ilikuwa na uhaba wa chuma baada ya vita, kwa hiyo bodi ikatengenezwa kwa aluminiamu. Faida yake tunaiona hapa kwetu. Kwenye upepo wa chumvi wa Shangani na Mikindani, 109 ya miaka ya sabini bado ina milango mizima wakati pikapu mpya kuliko hiyo zinamegeka pembeni. Series III, ya mwisho katika ukoo huo, ilikoma kutengenezwa 1985. Kila moja inayokatwakatwa imekwenda moja kwa moja.

Lakini injini ni habari nyingine. Ile ya petroli ya sentimita za ujazo 2,286 inakunywa mafuta, na kifaa chake kikifa unaagiza mbali. Toyota 3L ya dizeli, sentimita za ujazo 2,779, inajulikana na kila fundi aliyewahi kushika Hiace, na spea zake zipo dukani. Kumwambia mkulima wa Tandahimba mwenye magunia asubiri kabureta kutoka Uingereza ni kumwambia gari liendelee kulala. Hapo nasimama na wanaobadilisha, bila kusitasita. Tena kugeuza mashine si jambo geni katika historia yetu: kwa ajili ya mpango wa karanga wa Waingereza ulioanza 1947, uliofika hadi Nachingwea na kutuachia bandari ya Mtwara, vifaru vya kivita vya Sherman viligeuzwa kuwa matrekta.

Ninachokipinga ni kubadilisha injini kisha kuacha mengine yote. Injini ya zamani ilitoa nguvu farasi sabini na kitu. 3L inakaribia tisini, na msukumo wake ni mkubwa zaidi. Mzigo huo unaangukia hafu shafti za difu ya nyuma, vile vyuma vinavyozungusha magurudumu, ambazo kwenye Series tangu zamani zilikuwa sehemu dhaifu. Breki nazo ni za dramu magurudumu yote. Gari sasa linakimbia kuliko linavyoweza kusimama, halafu linapewa familia nzima ishuke nalo kutoka uwanda wa Makonde. Fundi anayepokea pesa ya injini na kukaa kimya kuhusu breki amemkosea mteja wake.

Mpaka ninaouweka mimi ni chesisi, fremu inayobeba gari zima. Mauntingi mapya, yaani vishikizo vya injini, yafungwe kwa bolti, sahani ya kuunganisha injini na giaboksi ichongwe kwa mchongaji, na injini ya zamani ipakwe grisi, ihifadhiwe. Mjukuu akitaka kuirudisha, atairudisha. Anayekata chesisi ili injini iingie kwa urahisi ameokoa siku chache za kazi na kufunga mlango huo kabisa.

Kwa gereji ya jioni, hata hivyo, siku chache si kitu kidogo. Gari moja la namna hii huziba uwanja kwa miezi, wakati kubadili klachi ya bajaji kunalipa leo. Pesa ya mteja nayo huja na minada ya korosho, halafu inakauka. Na inapokuja, mvua ziko mlangoni, na rangi inayopigwa kwenye unyevu haikai. Ndiyo maana naona asiye na paa asipokee kazi hizi, na aliye nalo alipwe kwa hatua: chesisi kwanza, injini baadaye, rangi mwisho. Gharama ya kupeleka namba mpya ya injini TRA, mamlaka ya mapato, ili kadi ya gari irekebishwe iingie kwenye makubaliano tangu mwanzo, maana bila hiyo mteja ana gari zima lenye karatasi zinazolikana.

Panaponisumbua ni pale chesisi yenyewe inapokuwa imeoza. Ni boksi la bati nene, tope linakaa ndani, na kutu inakula kutokea huko huko usikokuona. Chesisi mpya zilizopakwa zinki zinatengenezwa Uingereza, lakini kuileta moja hadi Mtwara kunaweza kuzidi thamani ya gari. Hapo kukata hakukwepeki. Ombi langu kwa mchomeleaji ni kwamba akate palipooza tu, abadilishe kwa chuma cha unene uleule, na asiguse kipande cha mbele kinachoshika springi upande wa kulia, kwa sababu namba ya chesisi imegongwa hapo.