Raba za shemeji zilivyobaki Bweni

Jamani hii ni ya kweli kabisa. Shemeji yangu alikuja kutoka Dodoma, hajawahi kuona mto unaingia baharini, nikamwambia twende Pangani nikutembeze halafu tuvuke Bweni, kale kajiji ka ng'ambo, na kwa kupenda picha nikaazima raba zake mpya nyeupe pee, yeye nikamwachia kandambili zangu.

Pantoni tukaiacha tukapanda mtumbwi wa mzee mmoja. Katikati ya mto nikaanza kujifanya mtembeza watalii: hapa ndipo Wajerumani walipokuja kupandisha bendera yao 1888, Bushiri bin Salim akawakatalia, mwaka uliofuata wakamnyonga hapahapa mwezi wa Desemba. Mzee anapiga kafi tu. "Tarehe 15."

Nikajikaza, nikahamia kwenye mkonge, kwamba 1893 miche 1000 iliagizwa kutoka Florida ikapona kama 60 hivi. "62," mzee kasema, hata hajageuka, "na waliipanda Kikogwe, huku tunakoenda, siyo huko unakoonyesha." Shemeji kicheko mpaka mtumbwi unayumba.

Sasa maji yalikuwa yamekupwa, tukagota mita kama tano kabla ya ukingo. Mzee akasema tulia mjukuu wangu niusukume. Nitulie mimi, nishaumbuliwa mara mbili? Nikaruka. Bwana wee, tope la mikoko juu linameta kama chapati iliyotoka kupakwa mafuta, chini hamna kitu, nikazama mpaka mapajani, na vile vikaa vidogo vikatoka kwenye mashimo yao, kila kimoja kimenyanyua gando lake moja kubwa vinanitazama kama wajumbe wa nyumba kumi wamekuja kuamua kesi.

Watoto wawili wakaja na upondo, nikashika, wakavuta, nikachomoka "pwaa!" Mguu wa kulia umetoka na raba. Wa kushoto umetoka na soksi. Wakachimba wee, wapi. Kale kadogo kakanisogelea kwa adabu zote, "Shikamoo mjomba, hiyo iliyobaki unaiuza?"

Shemeji bado yuko kwenye mtumbwi, miguu mikavu, kandambili zangu mguuni, kimya muda mrefu anaangalia ile soksi. Halafu akamgeukia mzee.

"Babu, hivi ile sehemu waliyomnyongea Bushiri bado ipo?"