Charlotte wa Wales: lawama ilimwangukia mmoja tu

Binti Mfalme Charlotte wa Wales alifariki usiku wa kuamkia tarehe 6 Novemba 1817, akiwa na miaka 21, saa chache baada ya kujifungua mtoto wa kiume ambaye hakuwa hai. Alikuwa ameshikwa na uchungu kwa takriban saa 50. Waingereza, waliomtarajia awe malkia wao, walimgeukia Sir Richard Croft aliyemzalisha.

Hoja ya wanaomlaumu ina uzito. Koleo za kuzalishia zilikuwepo, na hakuzitumia hata siku ya pili ya uchungu. Kabla ya hapo, katika miezi ya ujauzito, alikuwa amempunguzia Charlotte chakula na kumtoa damu mara kwa mara.

Lakini Croft alifuata mafunzo ya baba mkwe wake, Thomas Denman, aliyetaka maumbile yaachwe yafanye kazi yake. Katika zama ambazo hakuna aliyejua habari za vijidudu, koleo ziliwajeruhi na kuwaua akina mama wengi. Angezitumia na Charlotte akafa, watu walewale wangemwita muuaji. Hata baba wa marehemu, George IV wa baadaye, alimtumia shukrani.

Kwangu mimi, kusubiri si kosa lake kubwa. Inaelekea Charlotte aliuawa na kutokwa na damu baada ya kondo la nyuma kutolewa kwa mkono, na mwanamke aliyekwisha kupunguziwa damu kwa miezi angewezaje kuhimili hilo? Hapo anayeshtakiwa ni udaktari mzima wa wakati ule, maana kuwatoa damu wajawazito kulikuwa desturi.

Nisichoweza kukitetea ni mwenendo wa daktari wa pili, John Sims. Aliitwa kutoa ushauri, akafika usiku wa kuamkia tarehe 5, mtoto akiwa bado hajazaliwa, lakini hakuingia chumbani kumwona mgonjwa. Aliamua kwa maelezo ya Croft tu. Daktari wa pili huitwa ili aone kwa macho yake kile ambacho wa kwanza, kwa uchovu au hofu, hakioni tena.

Februari 1818, akiwa anamhudumia mwanamke mwingine mwenye uchungu, Croft alijipiga risasi. Sims, aliyejulikana zaidi kwa elimu ya mimea, aliendelea kuhariri jarida lake la mimea kwa miaka mingine kadhaa.