Mteja Tajiri wa Guangzhou

Katika ofisi ya kusafirisha mizigo niliyoifanyia kazi huko Guangzhou, orodha ya wateja ilitunzwa kwenye seva ya mbali, nami nilikuwa nikiingia kwa PuTTY, programu ya kufikia seva kutoka mbali, na kuisoma ndani ya Vim, kihariri cha maandishi. Asubuhi moja majina yote ya Kichina yalikuwa yamegeuka vituko vya aina ya «ÖÐÎÄ».

PuTTY haikuwa na kosa, kwani ilikuwa imewekwa UTF-8, msimbo wa kugeuza herufi kuwa baiti, yaani namba ambazo kompyuta huhifadhi. Amri ya locale, inayoonyesha lugha na msimbo wa seva, nayo ilijibu zh_CN.UTF-8. Kumbe faili lilitoka kwenye programu kongwe ya ghala inayoandika kwa GBK, msimbo wa zamani wa Kichina, ambao huipa herufi ya Kichina baiti 2, ilhali UTF-8 huipa 3. Vim hujaribu misimbo kwa zamu, na kwa kuwa latin1, msimbo wa lugha za Ulaya Magharibi, haikatai baiti yoyote, mithili ya mjomba asiyekataa sahani arusini, faili likaishia kwake. Niliandika amri ya kutanguliza gb18030, ndugu mkubwa wa GBK, kabla ya latin1: «set fileencodings=ucs-bom,utf-8,gb18030,latin1», nikalifungua upya, majina yakarudi.

Bahati mbaya, nakala ya kuchapia lebo ilikuwa imepitia kwa mwenzangu, ambaye kihariri chake kiliisoma kwa lazima kama UTF-8, kikaweka alama ya kuuliza ndani ya almasi nyeusi kila kiliposhindwa, naye akahifadhi bila wasiwasi. Alama hiyo ni baiti EF BF BD. Zikifuatana mbili na kusomwa kwa GBK, huzaa herufi tatu zisizo na hatia: 锟斤拷, yaani Kun Jin Kao. Hapo mipangilio haisaidii kitu, maana majina yenyewe yamekwisha futika.

Lebo zikatoka na jina hilo hilo. Ndipo mzee wa ghala alipopiga simu, sauti imejaa heshima, akiuliza huyu Bwana Kun Jin Kao ni nani hata anunue mzigo wa ghala zima peke yake. Alikuwa amekwisha mpangia katoni zake upande mmoja, amezifunika turubai jipya, na alishauri apunguziwe nauli.

Tulirejesha majina kutoka nakala ya akiba na kuchapa lebo nyingine, lakini mzee akagoma katakata: mali ya mtu haitoki bila idhini ya mwenyewe. Ilibidi meneja aandike barua ya kuachia mzigo, aipige muhuri mwekundu wa ofisi, nami nikatia sahihi kwa niaba ya Bwana Kun Jin Kao. Mzee aliisoma mara mbili, akauliza kama mteja amekasirika.