Zipu ya Haja Ndogo

Mimi nilikuwa nimejiandaa kwa mafunzo ya kayaki ya baharini, ule mtumbwi mwembamba wa kupiga kasia. Naanza na hilo ili msije mkasema huyu jamaa aliivamia bahari kama nzi kwenye chai.

Wiki tatu nzima nilikuwa nasoma habari za maji baridi, na kila nilichosoma alikimeza mke wangu. Akipika, namwambia maji hupora joto la mwili upesi kuliko hewa, mara 25 hivi. Akifua, namweleza kanuni ya 1-10-1. Ukitumbukia kwenye maji baridi una dakika 1 ya kuituliza pumzi, kwa sababu mwili unashtuka na kuvuta hewa bila kukuomba ruhusa. Kisha una kama dakika 10 kabla mikono haijagoma. Halafu kama saa 1 kabla baridi haijakuzimisha fahamu.

"Na mimi nina dakika ngapi kabla hujanyamaza?" akauliza.

Suti ya kuvalia majini ilipofika nikaijaribu sebuleni. Ni vazi la kipande kimoja, soksi zake humo humo, lisilopitisha maji kabisa. Kwenye vifundo vya mikono na shingoni kuna mpira mwembamba unaobana ngozi, na ndio unaozuia maji yasipenye. Unaupaka poda kwanza, halafu unapitisha kichwa. Changu kikakwama usawa wa masikio. Nikawa nazunguka gizani, mikono juu, nikigonga meza, mpaka nikasikia sauti ya mama watoto: "Mume wangu, huko ni kuzaliwa au kufa?" Akashika, akavuta, nikatokeza nikiwa mwekundu wa macho, shingo imebanwa kama ya jogoo anayesubiri kisu.

Siku yenyewe jua lilikuwa linawaka hasa. Hewa digrii 22, maji digrii 9. Wenzangu wapya walikuwa wanalalamika mbona tunavalishwa hivi kwenye joto, nami nikadakia kabla mwalimu hajafungua mdomo: "Ndugu zangu, hatuvai kwa ajili ya jua, tunavaa kwa ajili ya maji!" Mwalimu akanitazama tu.

Kulikuwa na jamaa mmoja aliyevaa sketi vibaya. Ndiyo, sketi. Kayaki ya baharini ina sketi yake, unaivaa kiunoni kisha unaipachika kwenye mdomo wa tundu unalokalia mawimbi yasikuingilie. Mbele ina kitanzi, nacho lazima kibaki nje, maana ukipinduka ndicho unachokivuta ili utoke. Yule bwana alikuwa anajaribu sketi yake pale pale mchangani, kitanzi amekifungia ndani. Nikamkosoa kwa sauti, watu wote wasikie. "Kitu kidogo kama hicho, kaka, ndicho kitakachokuua." Nakumbuka hata nilimshika bega.

Nikaendelea na ukaguzi wangu. Filimbi ipo kwenye jaketi la kuokolea, pampu ya kutolea maji ipo, redio ya mawasiliano ya VHF iko chaneli 16, ile ya kuombea msaada baharini. Kwa kuwa nilikuwa natoka jasho ndani ya suti, nilikuwa nakunywa sana chai ya kwenye chupa. Chai haikai. Bahati nzuri suti ina zipu ndogo kwa mbele, ya haja hiyo tu. Nikajificha nyuma ya mwamba, nikamaliza, nikarudi mbio kwa sababu nilimsikia mwalimu anauliza nani atatangulia.

Kabla ya kupanda kayaki kila mtu anaingia majini mpaka kiunoni, ajaribu vazi lake karibu na nchi kavu. Nikajitolea.

Magotini, safi. Suti inakukumbatia miguu, baridi unaisikia kwa mbali kama ugomvi wa majirani. Mwalimu akasema, "Haya mzee, chuchumaa utoe hewa." Unaingiza vidole viwili chini ya mpira wa shingo, unachuchumaa, maji yanaibana suti na hewa inatokea shingoni. Yangu ilitoka kwa mlio ambao sitauelezea. Watu wakacheka, nami nikacheka nao, nikazidi kushuka.

Hapo ndipo mgeni alipoingia. Hakubisha hodi, na sitataja alikofikia kwanza.

Ile pumzi ya dakika ya kwanza niliyokuwa naihubiri jikoni ikanivuta yenyewe: hhhaaa! Nikajaribu kusema "zipu", ikatoka "zi... zi... zi..." Yule bwana wa sketi akaitikia kwa huruma, "Kweli kaka, yanazizima."

Kutoka kulikuwa kazi nyingine. Maji ndani ya suti hayakuzamishi, maana ni maji ndani ya maji. Ila jaribu kuyabeba ukipanda ufukweni! Soksi zilivimba kama matikiti. Kila hatua, chwap, chwap. Nikapiga hatua nne, nikakaa chini kama gunia.

Mwalimu akaniangalia, akaangalia zipu, akaniangalia tena. "Mlazeni chali," akasema, "miguu juu." Basi watu wazima wawili, mmoja wao akiwa bwana wa sketi, wakaweka miguu yangu mabegani mwao. Maji yakashuka kutoka kwenye soksi, na kwa kuwa mlango ulikuwa mmoja tu, yakatokea pale pale yalipoingilia, yakiruka juu kama chemchemi. Mtu alikuwa anarekodi. Bwana wa sketi akainama karibu na sikio langu: "Kitu kidogo kama hicho, kaka."

Jioni mke wangu alitoa nguo zangu za ndani kwenye mfuko, akazishika kwa vidole viwili.

"Ulipinduka?"

"Hapana."

"Sasa mbona fulana ni kavu, suruali ndiyo imelowa?"

"Ni maji ya bahari."

Akaisogeza ile suruali puani, akafikiri.

"Haya," akasema.