Meli Imeondoka, Nayo Ipo Mbele Yangu

Najua ile sauti aliyorekodi jamaa yangu imeshazunguka kwenye magrupu yote ya Wabongo wa Athens, eti nimeipungia meli mkono wa kwaheri pale bandarini Piraeus na begi langu limo ndani. Ni kweli. Ila jamaa kawatilia chumvi, sasa sikilizeni mwenye kesi.

Vitenzi vya Kigiriki vya kwenda na kurudi vilinitia kiburi. Mwingereza kwao mtu "hukimbia ndani". Mgiriki anasema bike trehontas, aliingia akikimbia, kama sisi tu. Aneveno, napanda. Kateveno, nashuka, na kwenye basi ukitaka kushuka ni hilohilo. Nikajiona mzawa. (Mwalimu wangu, kama unasoma, ishia hapa.)

Basi, safari ya kisiwa cha Aegina, mwendo wa saa moja na kidogo. Jamaa katangulia kupanda na mabegi, mimi namalizia kahawa. Namwita mhudumu nilipe, anajibu kwa mbali: "Eftasa!" Nimefika. Hajafika, yuko meza nyingine kabisa. Hapo ndipo ningeshtuka.

Mara baharia anapaza sauti: "Figame!" Kichwani nikafungua daftari. Fevgo, naondoka. Figame, wakati uliopita, wingi: tumeondoka. Nikaitazama meli. Ipo. Nikaitazama tena. Ipo, inatoa moshi. Nikahitimisha kisomi: iliyoondoka ndiyo yetu, hii ya watu wengine. Nikaketi. Jamani, niliketi! Mlango wa nyuma, ule wa magari, ukaanza kunyanyuka polepole, minyororo inalia. Kamba zikavutwa. Maji yakatoka povu. Juu kule mtu ananipungia mikono yote miwili. Nikasema hawa Wagiriki wakarimu kweli, nami nikampungia. Akavua kofia, akaipeperusha. Kofia ya Yanga. Mgiriki gani ana kofia ya Yanga?

"Oyaa, panda!"

Nipande nini, na katikati kuna bahari?

Mhudumu ndipo akafika, na bili. Nikalipa, nikakata tiketi nyingine ya boti ya kasi, nikamkuta jamaa Aegina anatafuna pistashio. Eti "figame" ndiyo "haya, twende". Nikawaka: mtu atasemaje ameondoka na miguu iko palepale?

"Kwani wewe ukiaga kwa mama huwa unasemaje?"

Huwa nasema, "Haya mama, mimi nimekwenda." Na hapo chai ndiyo kwanza inamiminwa.