Mkongo wa intaneti umeshafika Kigoma, tuzungumzie bei ya kupita humo

Wiki iliyopita binti mmoja wa Ujiji alikuja kwenye steshenari yangu hapa Mwanga kutuma maombi ya chuo. Picha, cheti cha kuzaliwa, matokeo ya kidato cha sita, vyote tulishaviskani. Kila tukituma, inafika katikati na kuganda. Mara ya nne nikawasha bando la simu yangu, ikaenda. Na ile intaneti ya dukani nailipia kila mwezi, hela ambayo ingetosha kumwajiri kijana wa pili.

Wengi tunalaumu anayetuuzia. Mimi nalalamikia bei ambayo mteja haioni kabisa: ile ambayo kampuni moja inailipa nyingine ili data zake zipitie huko.

Nyaya za baharini zinazotuletea intaneti zinatia nanga Dar es Salaam. SEACOM ilifika 2009, EASSy mwaka uliofuata. Kutoka huko mpaka huku ukifuata reli ni zaidi ya kilomita 1,200. Hakuna mfanyabiashara atakayechimba mtaro wake peke yake umbali huo kwa ajili ya wateja wa Kigoma. Tunategemea Mkongo wa Taifa, njia kuu ya nyaya za mawasiliano nchini, ambao serikali ilianza kuujenga 2009, na anayetaka kuuza intaneti hapa lazima akodi njia. Kodi ikiwa kubwa, wanabaki wakubwa tu. Kijana anayetaka kusimika antena Gungu auzie nyumba arobaini anaishia kwenye hesabu za daftari.

Wapo wanaosema ukishusha sana bei hiyo unaua uwekezaji, na hoja yao ina uzito. Marekani, sheria ya 1996 ililazimisha kampuni za simu kuwakodisha wapinzani laini zao kwa bei iliyokadiriwa kutokana na gharama. Zikalalamika: nijenge ya nini, kama jirani atavuna nilipopanda? Mwaka 2005 mdhibiti akazipunguzia wajibu huo kwenye intaneti ya laini za simu. Uingereza ilishika njia nyingine; 2006 kampuni ya simu ya BT ilitenga kitengo cha nyaya, Openreach, kiwahudumie wapinzani kwa masharti yaleyale.

Mimi nasema hofu ya Wamarekani ina haki pale ambapo mtu anatoa mtaji wake. Aliyevuta waya mpaka mlangoni kwangu, au aliyesimamisha mnara kijijini Uvinza, aachiwe miaka ale jasho lake. Lakini mkongo ulichimbwa kwa fedha za umma! Hapo nitozwe matengenezo na upanuzi, zaidi ya hapo ni kumtoza Mtanzania mara mbili.

Kuna jingine linalonikera. TTCL, shirika la simu la serikali, inausimamia mkongo, na yenyewe inauza intaneti kwa wateja. Simtuhumu mtu, ila mwenye njia akiwa pia msafiri, wenzake lazima waone nauli anayojilipisha. TCRA, mdhibiti wa mawasiliano nchini, iitangaze hadharani: megabiti moja kutoka Dar hadi Kigoma ni shilingi ngapi, kwa TTCL na kwa yule kijana wa Gungu.