Kamba ilinikimbiza, pikipiki haikunishtua

Jamani huu mwili mimi siuelewi. Juzi usiku, kuran (umeme) haiko kama kawaida yetu hapa Goma, natoka kwenda choo ya nje, naona kitu kirefu kimelala juu ya mawe ya volkano, weee, nyoka! Niliruka mpaka sandale ikabaki, malaika yote ya mikono ikasimama, kumbe ni kamba ya nguo ya bibi yangu imekatika. Na bibi badala ya kusema pole anacheka mpaka anakaa chini.

Asubuhi jirani yetu profu wa biolojia (huyu hakosi jibu, hata umuulize bei ya makala ya kupikia) ananiambia papa usione haya, aliyesimama zamani zile akisema ngoja nichungulie kama ni kamba, hakupata muda wa kuzaa, sisi ni wajukuu wa walioruka kwanza. Na malaika je? Eti mababu walikuwa na manyoya mengi, wakiogopa wanayavimbisha ili waonekane wakubwa, sasa manyoya yamekwisha lakini vimisuli vyake bado viko kazini. Akasema hata Darwin mwenyewe, yule mtaalamu mkubwa wa viumbe, alisogeza uso kwenye kioo cha kifutu, bustani ya wanyama ya London, ameapa moyoni hatashtuka, nyoka kupiga kioo tu, mzee huyo nyuma! Na aliyaandika mwenyewe kwenye kitabu chake cha 1872. Hapo bibi alinyamaza kidogo.

Haya, nimekubali. Lakini mbona saa moja baadaye niko juu ya pikipiki, tumebanana na mama ameshika mabati, MABATI, yanapita karibu na sikio langu, motari anaongea kwenye telefone, lori la simenti linakuja mbele, na mwili kimyaa, hakuna hata unywele mmoja umesimama? Nilikuwa nafikiria chenji yangu tu. Profu anasema nyoka tuko nao tangu mamilioni ya miaka, pikipiki ni za juzi, mwili haujazijua. Basi uchukue uoga wa nyoka, kwenye kartie yetu hata sionagi nyoka, unipe wa mabati!

Profu akaongeza, eti hata kuandika hesabu ni kitu cha zamani. Huko Ishango, pale mto Semliki unapotoka ziwa Edward, mwaka 1950 Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimba mfupa wa miaka kama 20,000 umechanjwa mistari mistari, sasa uko Brussels, wataalamu wanabishana, huyu anasema hesabu, yule kalenda ya mwezi. Mimi nilipoona picha yake sikubishana na mtu. Ile ni deni. Mama wa butiki anachora hivyohivyo kwenye kaye (daftari) yake ya madeni, mstari wa sukari, mstari wa sabuni, mingi ni yangu, tena yule wa Ishango ana bahati, mfupa wake umepelekwa Ulaya, kaye yangu mimi iko hapa kwenye kona na huyo mama anaamkaga mbele ya jogoo.